Programu hamjaigusa, maktaba ndizo zilizobadilika

Wenye maduka ya jumla hapa Ngamiani huniita kwa lalamiko moja: kompyuta ya kaunta imepandishwa kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04 (Ubuntu ni mfumo endeshi wa familia ya Linux), na programu ya mauzo haifunguki tena. "Fundi, hii hatujaigusa kabisa." Na wanasema kweli.

Programu nyingi za Linux hazibebi kila kitu ndani yake. Kufungua faili, kugawa kumbukumbu, kusimba mawasiliano, hayo yote huazima kwa maktaba za pamoja, yaani mafaili ya kodi yanayotumiwa na programu nyingi, kama glibc (ya kazi za msingi) na OpenSSL (ya usimbaji). Jina la faili la maktaba lina namba, na namba hiyo ni ahadi: ikibaki ileile, programu za zamani zitaendelea kufanya kazi. Programu iliyojengwa kwa OpenSSL 1.1 hutafuta libssl.so.1.1, ilhali 22.04 inakuja na libssl.so.3. Isipoiona, haianzi.

Hapo baadhi ya mafundi hutengeneza kiungo chenye jina la zamani na kukielekeza kwenye faili jipya. Naomba sana tuiache tabia hii. Kwa OpenSSL utasalimika, maana alama za toleo zilizobandikwa kwenye fankisheni zake hazitalingana na programu itagoma tena. Hatari iko kwenye maktaba zisizo na alama hizo. Programu ikishakompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, haijui jina la data, inajua tu umbali wake tangu mwanzo wa rekodi. Tuseme bei iko baiti ya 16 tangu mwanzo wa rekodi. Toleo jipya likichomeka baiti 8 kabla yake, bei inahamia ya 24, lakini programu ya zamani itaendelea kusoma ya 16. Duka litachapa risiti zenye bei za uongo na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Ndiyo maana OpenSSL 1.1.0, mwaka 2016, ilificha miundo yake mingi ya ndani ili programu ziifikie kwa kuita fankisheni tu.

Hata mpangilio wa data usipobadilika, tabia ya maktaba inaweza kubadilika. Mwaka 2010 memcpy, fankisheni ya glibc ya kunakili data kwenye kumbukumbu, ilianza kunakili kwa mwelekeo tofauti kwenye baadhi ya vichakataji, na sauti ya Flash, programu ya kuchezea video kwenye kivinjari, ikaharibika kwa watumiaji wa Fedora 14, Linux nyingine. Flash ilikuwa inanakili maeneo yanayopishana, jambo ambalo kanuni za lugha ya C zinalikataza kwa memcpy. Hata hivyo glibc 2.14 ikaweka memcpy mbili: mpya kwa programu mpya, na ile ya zamani kwa programu zilizokwisha kujengwa. Nauheshimu sana uamuzi ule.

Kwa hiyo programu zangu nazijenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote ya wateja. Iliyojengwa kwa glibc 2.31 ya Ubuntu 20.04 kwa kawaida itafanya kazi kwenye 2.35 ya 22.04. Kinyume chake usikitegemee: amri ya objdump -T itakuonyesha programu inadai toleo gani la glibc, na ikidai GLIBC_2.34, kwenye 20.04 haitafunguka. Na tafadhali usinakili libc.so.6, faili kuu la glibc, kutoka mashine nyingine ukaiweka juu ya iliyopo. Hata amri ya ls, ya kuorodhesha mafaili, inaitegemea, kwa hiyo ikigoma, hata kuirudisha ya zamani huenda ukahitaji kuwasha kompyuta kwa flashi ya USB.