Kuku mwenye kapi tumboni: yanayosemwa kuhusu gemu za zamani, na yaliyo kweli

Mimi ni fundi wa pedi za gemu. Meza yangu iko pembeni ya banda la gemu pale Mwanga, Kigoma mjini, na kinachoniweka mjini ni vijiti vya pedi vilivyolegea kwa kufukuzia mpira. Jioni wazazi wa rika langu wakija kuwasaka watoto wao, husimama mlangoni, wakatazama mechi kidogo, kisha wakatoa hukumu ileile: hizi nazo ni gemu? Gemu zilikuwa za enzi zetu.

Nami nilikuwa mzee wa baraza hilo. Mwaka 1999 mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alinunua kompyuta kwenye mnada wa vifaa chakavu vya shirika moja lililohudumia wakimbizi. Aliyekuwa akiitumia hakufuta vitu vyake. Tulikuta barua, picha za harusi ya watu tusiowajua, na gemu moja: The Secret of Monkey Island, ya mwaka 1990. Kijana aitwaye Guybrush anataka kuwa haramia. Hapigi risasi. Anatembea, anaokota vikorokoro, anaongea na watu, anafumbua mafumbo. Mimi na binamu yangu tulizama humo likizo nzima, na tulipotoka tulikuwa tumeshaamua kwamba hakuna gemu nyingine duniani.

"Zamani kila gemu ilikuwa na ubunifu wake"

Aliyewahi kununua kaseti ya gemu iliyoandikwa 9999 in 1 anajua. Ndani mlikuwa na gemu chache za kuhesabika, zimerudiwarudiwa kwa majina mapya, nyingine zimebadilishwa mahali pa kuanzia tu. Tulizitupa, tukazisahau, tukabaki na kumbukumbu ya zile nzuri.

Huko zilikotengenezwa mambo yalikuwa hayohayo. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilimpa mtu mmoja, Howard Scott Warshaw, takriban wiki tano atengeneze gemu ya filamu ya E.T. ili iwahi Krismasi. Mwaka uliofuata soko la gemu la Marekani likaporomoka, na kaseti zilizododa zikafukiwa kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico, ambako watu walizifukua mwaka 2014.

Hata gemu za visa, yaani hizi za kutembea na kufumbua mafumbo, zilianza kuigana mapema. Ya kwanza kujulikana, Colossal Cave Adventure, aliiandika Will Crowther katikati ya miaka ya 1970. Ilikuwa maandishi matupu, na pango lake alilichora kutoka Mammoth Cave kule Kentucky, alikokuwa akiingia mwenyewe na kamba na taa. Don Woods akaiongezea mambo mwaka 1977. Mwaka huohuo vijana wa chuo cha MIT wakaanza Zork: taa, shimo, hazina. Nzuri sana, lakini pango ni lilelile.

"Zilikuwa ngumu kwa sababu zilidai akili"

Hapa ndipo nilipojidanganya zaidi. Kwenye Monkey Island kuna kuku wa mpira ambaye, kwa maelezo ya gemu yenyewe, ana pulley katikati. Tulimbeba kuku huyo wiki tatu. Tulijaribu kumpa kila tuliyekutana naye, hakuna aliyemtaka. Kumbe kulikuwa na kamba ya chuma imevutwa kutoka ukingoni hadi kisiwa cha jirani, na kuku alikuwa wa kuning'inizwa hapo ili ateleze nawe mpaka ng'ambo. Hatukukwama kwa sababu fumbo lilikuwa zito. Kiingereza ndicho kilichotukwamisha. Siku moja mjomba alipita nyuma yetu na kikombe cha chai, akasoma neno lile, akasema, "Pulley si kapi hiyo? Mbona bandarini zimejaa?" Dakika moja baadaye tulikuwa ng'ambo. Kwa miaka mingi nilisimulia wiki zile tatu kama ushahidi wa kina cha gemu za zamani.

Na hiyo ilikuwa gemu ya haki. Kwenye King's Quest ya mwaka 1984 unakutana na kibwengo anayekutaka umtajie jina lake. Dokezo linasema wakati mwingine ni busara kufikiri kinyumenyume. Jina ni Rumplestiltskin, kutoka ngano ya Kijerumani ambayo mtoto wa Ujiji angeijulia wapi. Hata anayeijua akiliandika kuanzia mwisho amekosa, kwa maana ilitakiwa ageuze alfabeti nzima, A iwe Z, B iwe Y, mpaka jibu liwe ifnkovhgroghprm. Toleo la tano, la mwaka 1990, lina paka anayemkimbiza panya mbele yako kwa sekunde chache. Usipomrushia kitu paka papo hapo, mbele ya safari unafungwa kamba kwenye ghala, na panya ambaye angezitafuna hayupo. Gemu haikuambii umekosea wapi. Mwaka 1999 ikaja Gabriel Knight 3, ambamo ili ukodi pikipiki unatengeneza masharubu ya manyoya ya paka ujifanye mtu fulani. Mtu huyo hana masharubu. Inabidi umchoree kwenye pasipoti yake kwanza!

Ugumu huo ulikuwa na duka lake pia. Sierra, waliotoa King's Quest, waliuza vitabu vya majibu na walikuwa na namba ya simu ya kupiga ukikwama. Infocom, wa Zork, waliuza vijitabu vyenye majibu ya wino usioonekana, unapitisha kalamu maalumu ndipo maneno yatokeze. Sisemi mafumbo yaliwekwa kwa ajili ya kuuza vitabu. Nasema tu kwamba aliyekwama alikuwa mteja.

Aliyechoshwa na hayo ni Ron Gilbert. Mwaka 1989 aliandika makala ya kueleza kwa nini gemu za visa zilikuwa mbovu: zinakuua ovyo, zinakuficha kwamba umeshapoteza, zinataka usome mawazo ya mtunzi. Mwaka uliofuata akatoa Monkey Island. Yaani gemu niliyoitolea mfano wa enzi njema ilikuwa lalamiko dhidi ya enzi hiyohiyo. Kufa ndani yake ni sehemu moja tu: Guybrush hujigamba kwamba anaweza kubana pumzi dakika kumi, na ukimwacha chini ya maji zikipita, anakufa kweli. Sisi watoto wa ziwani, tuliozoea kushindana kuzama Kibirizi, tulikaa na saa ya mkononi kumhesabia.

Lakini sifa yake inabaki. Mapigano ya panga ndani ya gemu ile huamuliwa kwa ulimi. Mmoja anakwambia unapigana kama mkamua ng'ombe, nawe ukijibu kwamba ndivyo ipasavyo, kwa kuwa yeye anapigana kama ng'ombe, umepiga hatua. Matusi na majibu yake unayaokota kwa kushindwa na maharamia wadogo njiani. Kwa watu waliolelewa kwenye utani na mipasho, hakuna aliyehitaji kutueleza sheria zake.

"Mpira na bunduki ndivyo vilivyoziua"

Hazikufa. Myst ya mwaka 1993, gemu ya mafumbo isiyo na adui wa kupigana naye, iliuza nakala zaidi ya milioni 6 na ilikaa kileleni mwa mauzo ya gemu za kompyuta mpaka The Sims ilipoipita mwaka 2002. Ni kweli zilidhoofika: Grim Fandango ya mwaka 1998 ilisifiwa kila upande na haikununuliwa vya kutosha. Kisha mwaka 2012 mtunzi wake, Tim Schafer, na kampuni yake ya Double Fine waliomba mashabiki wachange dola 400,000 watengeneze mpya. Zikaja zaidi ya milioni 3.3. Tangu hapo tumepata Return of the Obra Dinn (2018), karibu yote kazi ya mtu mmoja, Lucas Pope, ambamo unachunguza yaliyowapata watu 60 waliokuwa melini. Tumepata Disco Elysium (2019). Gilbert mwenyewe alirudi na Return to Monkey Island mwaka 2022. Nikilinganisha bila upendeleo, Obra Dinn inaishinda gemu yoyote ya utoto wangu.

Mbona basi hatuzioni? Kwa sababu banda linauza mechi. Watu wawili wanakaa, filimbi inalia, aliyefungwa anaamka, mwingine analipa. Ukiweka Obra Dinn, mtoto mmoja atakaa saa nne akikuna kichwa, na wenzake watahamia banda la jirani. Mwenye banda ana kodi ya chumba na luku. Tunaodhani dunia yote inacheza FIFA tunaitazama kupitia mlango wa biashara yake.

"Watoto wa siku hizi wanafuata tu wanachoambiwa"

Njoo ukae kwenye meza yangu. Kuna kikundi kinachocheza San Andreas, ile ya mwaka 2004, wala hakigusi kazi za kwenye gemu. Wamejitungia bodaboda: mmoja anaendesha pikipiki, mwenzake anataja kituo, na akigonga gari au akikiuka taa anapokonywa pedi. Minecraft, ambayo haina zaidi ya matofali na uhuru, imeuza nakala zaidi ya milioni 300.

"Visa hivi ni vya Wazungu"

Kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion, gemu ya kisa cha Kiafrika, mwaka 2016. Nasi Kigoma tumekalia kisa cha bure: Wajerumani walipaka grisi injini za meli yao mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ndiyo Liemba. Sijui mtunzi anasubiri nini.

"Wazee wanalalamika bure"

Hili nalo ni la uongo. Kampuni kubwa zinaogopa hasara: gemu ya mpira ya kampuni ya EA, hiyo FIFA, imetoka kila mwaka tangu 1993, na mwaka 2023 ilichobadilisha kwa kelele nyingi ni jina. Na kuna kilichopotea kweli, nacho ni gemu zenyewe. Video Game History Foundation ilichunguza mwaka 2023 ikakuta asilimia 87 ya gemu za kale zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni. Kompyuta ya mjomba ilikufa na radi, na nakala yetu ikaenda nayo. Bahati Monkey Island bado inauzwa, na ScummVM, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001, inaendesha za namna ile hata kwenye simu.

Nilimwekea mtoto wa dada yangu. Juzi alikuwa barazani kwa mjomba, ambaye amestaafu na macho yamepungua, lakini masikio bado. Mtoto akanigeukia: "Mjomba, hivi pulley ni nini?"

"Kapi," akasema babu yake kutoka kwenye kiti, kabla sijafungua mdomo. "Mmempata kuku?"