Tansio (shinikizo la damu) kushuka mtu akisimama

Koko (bibi au babu) anainuka kitandani, anapiga hatua mbili, macho yanaingia giza, anaanguka. Kabla ya kusema ni uzee, tazama dawa anazomeza.

Mtu akisimama, damu huteremkia miguuni. Kwa kawaida moyo huongeza mapigo na mishipa hujibana mara moja ili kichwa kisikose damu. Uzeeni mwili huchelewa kufanya hivyo, na dawa zikiingilia hapo, tansio inashuka. Kipimo chake kinajulikana: namba ya juu ikipungua kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3 za kusimama. Kwa wanaohesabu 14/8 badala ya 140/80, ni sawa na 2 kwa namba ya juu au 1 kwa ya chini.

Furosemidi ndiyo ya kuangalia kwanza. Inatoa maji na chumvi mwilini, damu inapungua. Tena, ikimezwa jioni inamwamsha mzee usiku kwenda kukojoa, na katika miteremko ya Kadutu, mjini Bukavu, choo kikiwa nje na umeme umekatika, ngazi zenye matope humaliza kazi. Muulizeni daktari kama anaweza kuimeza asubuhi. Usiku wekeni ndoo chumbani. Prazosini na nifedipini, dawa za tansio, hupanua mishipa. Amitriptilini, dawa ya sonona, pia hushusha tansio. Diazepamu ina njia yake: inalegeza misuli, inaleta usingizi, na katika mwili wa mzee inakaa siku kadhaa, kwa hiyo kidonge cha jana kinajumlishwa na cha leo. Vidonge vya mafua vyenye klorofenamini, vile vinavyonunuliwa farmasi bila karatasi ya daktari, navyo husinziza.

Kupima si kazi ngumu. Alale dakika 5, mpime. Asimame, mtu amshike, mpime tena dakika ya 1 na ya 3. Mkono uwe usawa wa moyo. Wengine hawasikii kizunguzungu chochote huku namba zimeshuka, ndiyo maana kumuuliza tu hakutoshi.

Msimkatishe dawa ghafla: propranololi, dawa ya moyo na tansio, ikikatwa hivyo, mapigo ya moyo na tansio vinaweza kuruka juu, na diazepamu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege. Bebeni pakiti zote, pamoja na dawa za miti shamba, hadi kituo cha afya. Kwa sasa, akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame. Akigonga kichwa naye anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama anaongea vizuri.