Pengo la Mbele na Mfupa Usiosubiri

Kijana wa bodaboda kutoka Kongwa alikuja na pengo la jino la mbele, la juu. Liling'olewa miaka 2 nyuma baada ya ajali, na sasa alikuwa amedunduliza fedha za kupandikiza jino jipya. Nilipoinua mdomo wake, fizi ilikuwa imebonyea kama ugali uliotiwa kidole gumba. Hapakuwa na mfupa wa kushika skrubu inayobeba jino la kupandikiza. Hapa Dodoma nimeshaona fizi za hivyo nyingi, na maneno yanayozileta ni yaleyale.

Dhana: "Ng'oa kwanza, kupandikiza tutaangalia hela ikipatikana."

Ukweli: mfupa unaozunguka jino unaishi kwa ajili ya jino. Wazee wa Ugogo wanajua nyumba ya tembe isiyokaliwa inavyobomoka. Taya nalo ni hivyohivyo. Ndani ya mwaka 1 upana wa mfupa wa pale unaweza kupungua hadi karibu nusu, na sehemu kubwa huondoka katika miezi 3 ya kwanza. Meno ya mbele ya juu ndiyo yenye hatari zaidi, maana ukuta wa mfupa upande wa mdomo mara nyingi haufiki unene wa milimita 1. Koleo likivutwa kwa pupa, unavunjika palepale.

Basi uliza kabla ya sindano ya ganzi: jino litatolewa taratibu, bila kupasua fizi? Tundu litajazwa unga wa mfupa? Unga huo hauzuii upungufu wote, ila unaupunguza. Kama fedha ya jino la kupandikiza bado haipo, nakusihi utafute kwanza ya kujaza tundu.

Dhana: "Nikipandikizwa siku ileile ya kung'olewa, mfupa haupungui."

Unapungua. Nyuzi zilizoshika jino zimeondoka nalo, pamoja na damu ziliyokuwa zikipitisha kwenye ukuta ule mwembamba. Ndiyo maana skrubu ya titani huwekwa nyuma kidogo, upande wa kaakaa, na nafasi inayobaki mbele hujazwa unga wa mfupa. Ikikaa mbele mno, fizi hupanda baadaye na chuma huonekana mtu akicheka.

Dhana: "Jino la kuvaa na kuvua linatunza mfupa."

Linaziba pengo tu. Limekaa juu ya fizi. Mfupa ulio chini unaendelea kusinyaa.

Dhana: "Meno yangu ya kahawia yameoza, yang'olewe niwekewe mapya."

Hii inaniuma kuliko zote. Maji ya baadhi ya visima vya Singida na Dodoma yana floraidi nyingi, nayo hutia rangi meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Doa liko kwenye ganda la nje. Mzizi na mfupa mara nyingi ni vizima kabisa. Rangi hiyo hupunguzwa au hufunikwa bila kugusa mzizi. Tafadhali, usikubali kung'olewa jino zima kwa sababu ya rangi.

Yule kijana wa Kongwa ilibidi aongezewe mfupa kwanza, kisha asubiri miezi kadhaa ushike ndipo skrubu iingie. Fedha aliyokuja nayo iliishia kwenye mfupa.