Mzigo wa punda si kilo tu

Juzi tena mteja anayetaka safari ya miguu Ngorongoro, mizigo ikibebwa na punda wangu, kanipigia: "Punda wako anabeba kilo ngapi?" Nilipomwambia, akashangaa. "Kidogo hivyo? Si ni punda! Punda afe, mzigo ufike." Msemo huo umetoboa migongo mingi, na nimechoka kuusikia.

Kwanza vibali, maana navyo huulizwa kila siku. Ngorongoro si hifadhi ya taifa kama Serengeti. Tangu 1959 ni eneo la uhifadhi wanamoishi Wamaasai na mifugo yao, ndiyo maana punda wanapita nyanda za juu, kutoka kijiji cha Nainokanoka hadi kreta ya Empakaai, kisha kushuka kuelekea Ziwa Natron. Ada hulipwa mapema, askari mwenye bunduki anafuatana nanyi, na hema halipigwi popote mtakapo.

Turudi mgongoni. Mimi sipakii zaidi ya kilo 40, lakini kilo 30 zilizolalia upande zinaumiza kuliko 40 zilizokaa sawa. Kila upande wa shogi, yaani mifuko miwili inayoning'inia ubavuni mwa punda, naupima kwa mizani ya kuning'iniza. Mmoja ukizidi, mzigo unavutwa, mkanda unasugua kwapa, na kamba inakalia uti wa mgongo. Halafu mtu anasawazisha kwa jiwe. Jiwe! Hamisha sufuria, hamisha unga, usimbebeshe mnyama mawe. Na dumu la maji lijae au liwe tupu. Likiwa nusu, maji yanacheza kila hatua, na kwenye mteremko wa Bonde la Ufa yanamsukuma punda mbele. Kupima siku ya kwanza hakutoshi: mchele unaliwa, mafuta yanapungua, hema likilowa umande linakuwa zito. Pima kila asubuhi.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba punda haonyeshi maumivu. Alfajiri moja pale Empakaai, ukungu umetanda, nilipitisha kiganja mgongoni mwa punda aliyekula vizuri jioni yote. Manyoya yalikuwa yamelala kinyume, ngozi ina joto. Jana yake hakuchechemea hata hatua moja. Miaka yote hii bado nategemea kiganja, na kiganja huchelewa: kinapohisi joto, punda ameshaumia. Siku hiyo alitembea mtupu, na mzigo wake tukagawana mabegani.