Msaidizi wa mkubwa akikutwa na hatia, mtaa unashangilia nini?

Hukumu ya mtu wa karibu na wakubwa ikitoka, hapa Mwanza unaipata kabla hata hujafungua simu. Ukipanda hiace ya Buhongwa, ukishuka mwaloni Kirumba, ukikaa kusubiri feri ya Kamanga, maneno ni ya aina mbili tu, huyu anasema safi sana na bado, yule anasema huyo wamemtoa kafara, wenyewe wako nje wanakula bata. Mimi ni wakili, sehemu kubwa ya kazi zangu ni jinai, na nachotaka kusema leo ni hiki: hukumu ya jinai inajibu hati ya mashtaka, basi. Haijibu swali lingine lolote ambalo mtaa unalo, hata kama swali la mtaa ni zito kuliko lile la mahakama.

Nitatumia kesi ya Lewis Libby, wengi wanamjua kwa jina la Scooter, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Makamu wa Rais wa Marekani Dick Cheney. Nimeichagua makusudi. Kule hatuna chama wala ndugu wala mtu wa kwetu, kwahiyo tunaweza kuiangalia bila presha kupanda, alafu karibu kila kitu kinachotugombanisha kwenye kesi za hapa nyumbani kimo mle ndani.

Ilikuwa hivi. Januari 2003 Rais George W. Bush alihutubia bunge lao akasema Iraki ya Saddam Hussein ilikuwa inatafuta urani Afrika, yale madini ya kutengenezea silaha za nyuklia, na Machi wakaingia vitani. Sasa kulikuwa na balozi mstaafu, Joseph Wilson, ambaye CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walikuwa wamemtuma Niger mwaka 2002 kuifuatilia hiyo habari, akarudi akasema haina mashiko. Tarehe 6 Julai 2003 akaandika kwenye New York Times kwamba serikali ilikuza mambo ili ipate sababu ya vita. Siku 8 baadaye mwandishi Robert Novak akachapisha kwamba mke wa Wilson, Valerie Plame, ni mtu wa CIA. Huyo mama alikuwa anafanya kazi kwa siri, na jina likishatoka gazetini halirudi, kazi yake ya siri iliisha pale pale, na mtu yeyote aliyewahi kukutana naye nchi za nje akabaki anajiuliza nani sasa anamuangalia. Mimi hapa huwa nasimama kidogo kwasababu kwenye kelele zote zilizofuata, za chama hiki na chama kile, madhara ya huyu mama na ya watu wasiojulikana majina ndio yalizungumzwa kidogo kuliko yote.

Uchunguzi ukaanza, na Desemba 2003 akateuliwa mwendesha mashtaka maalumu, Patrick Fitzgerald. Libby akahojiwa na FBI, wale wapelelezi wa serikali kuu, baadae akaapa mbele ya juri ya uchunguzi, yaani raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe. Maelezo yake yalikuwa kwamba habari ya mke wa Wilson aliisikia kwa mtangazaji wa NBC, Tim Russert, na ilimjia kama kitu kipya kabisa. Russert akasema hatukuongea kitu kama hicho. Mbaya zaidi, daftari la Libby mwenyewe lilionyesha kwamba Cheney ndiye alimwambia, mwezi Juni, wiki kadhaa kabla ya hiyo simu ya Russert, na watu wengine wa serikalini nao wakaja kusema tuliongea naye jambo hilo mapema. Oktoba 28, 2005 akashtakiwa kwa makosa 5 na siku hiyo hiyo akajiuzulu. Tarehe 6 Machi 2007 juri ikamkuta na hatia kwa 4: kuzuia haki isitendeke, viapo vya uongo viwili, na kuwadanganya FBI mara moja. Moja likamuacha.

Angalia hayo mashtaka tena. Hakuna hata moja linalosema alitoboa siri ya Plame.

Hapo ndipo watu walipogawanyika. Waliopinga vita ya Iraki wakaichukua hukumu kama hukumu ya vita yenyewe, wakasema mahakama imethibitisha tulidanganywa, wakati swali la vita halikuwepo mezani kabisa. Upande wa pili wakasema hii kesi ni ya hewa, kosa lenyewe la kutaja jina hakuna aliyeshtakiwa nalo, na isitoshe ilikuwa imeshajulikana mwaka 2006 kwamba wa kwanza kumwambia Novak alikuwa Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje, sio Libby, kwahiyo mtu anafungwaje kwa kusahau mazungumzo ya simu? Wakaanza kudai msamaha wa Rais mapema kabisa. Kura za maoni zilionyesha Wamarekani wengi hawautaki huo msamaha.

Ila mtu aliyenigusa mimi ni mmoja wa wale wa juri. Kule uamuzi wa hatia wanautoa raia wa kawaida, sisi ni hakimu au jaji. Walikaa faragha siku 10, na njiani mwenzao mmoja alitolewa kwasababu alikutana na habari za kesi nje ya mahakama, wakamalizia 11. Baada ya uamuzi huyo mmoja akawaambia waandishi kwamba ndani ya chumba walikuwa wanamuonea huruma Libby, walikuwa wanaulizana wengine wako wapi, waliona kama amebebeshwa mzigo wa wenzake. Na bado wakamkuta na hatia. Watu wengi waliona kujichanganya pale, mimi naona ndio kazi ya uamuzi inavyotakiwa kufanyika, mana hawakuulizwa kama wengine nao wana makosa, waliulizwa kama huyu alidanganya akiwa anajua, wakajibu hilo.

Sasa hoja ya "kadanganya tu" naisikia hadi kwa wateja wangu na inaniuma. Tuchukulie mashine ya mtumbwi imeibiwa usiku pale Igombe. Polisi wanamuuliza mlinzi wa mwalo nani alitoka na mtumbwi saa nane. Mlinzi alimuona mtoto wa tajiri wake akitoka, lakini anasema mimi habari ya mashine nimeisikia asubuhi kwa mama muuza chapati. Polisi wanaenda kumsumbua mama wa watu, anaacha biashara anaenda kukaa kituoni, siku zinapita, mashine imeshavuka ziwa. Mwisho inawezekana kabisa mtoto wa tajiri asishtakiwe, labda ushahidi hautoshi, labda aliichukua kwa makubaliano na mwenye nayo, hatutajua, kwasababu aliyekuwa anajua aliamua kutupoteza. Ukisema mlinzi aachiwe kwakuwa wizi haukuthibitika, unakuwa umemlipa kwa kufanikiwa kuuficha. Na yule mama wa chapati hakuna anayemkumbuka.

Sheria yetu nayo iko hivyo hivyo. Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo hadi miaka 7 kwa anayeapa uongo, na kumpa mtumishi wa umma taarifa unayojua ni ya uongo nalo ni kosa. Wateja wangu nawaambia hivi kabla hatujaingia kituoni: mtuhumiwa ana haki ya kunyamaza, itumie, niite, tukae kimya wote wawili. Lakini ukifungua mdomo kusema kitu unachojua sio, umetengeneza kesi ya pili ambayo inaweza kuwa nzito kuliko hiyo uliyokuwa unaikimbia.

Utetezi wa Libby ulikuwa "nilisahau, nilikuwa na mambo ya vita kichwani". Kama wakili wa utetezi siuchukulii poa huo utetezi, watu wanasahau kweli, na mimi ningeubeba kwa nguvu zote. Ulichoshindwa nacho ni wingi wa watu waliosema waliongea naye siku tofauti. Kusahau mazungumzo mamoja juri wanaweza kukuelewa, ila yakiwa mengi tena ni yale yale ya jambo ambalo bosi wako alikuwa analifuatilia kwa karibu, inakuwa ngumu.

Adhabu ilitoka Juni 5, 2007. Jaji Reggie Walton, ambaye Bush mwenyewe ndiye alimteua, alipelekewa barua zaidi ya 150, nyingi za kumuombea Libby, zikiwemo za Donald Rumsfeld na Henry Kissinger, akampa miezi 30 jela, faini ya dola 250,000 na miaka 2 chini ya uangalizi. Mahakama ikakataa abaki nje akisubiri rufaa. Julai 2 Bush akakifuta kifungo chote akisema kimezidi, akaacha hatia, faini na uangalizi. Jaji akabaki na swali la kisheria zuri sana: uangalizi kwa mujibu wa sheria yao unaanza mtu akitoka jela, huyu hajaingia, sasa tunafanyaje? Msamaha wenyewe kamili ulikuja Aprili 13, 2018 kwa Rais Donald Trump. Hivyo ni vitu viwili tofauti, cha kwanza kinagusa adhabu na kuiacha hatia imesimama, cha pili kinamsamehe mtu kosa lenyewe.

Hapa kwetu vyote viwili vimo kwenye Ibara ya 45 ya Katiba, Rais anaweza kumsamehe mtu, anaweza kubadilisha adhabu iwe nyepesi zaidi, anaweza kuifuta yote au sehemu yake. Kwahiyo mkisikia "fulani kasamehewa", kabla ya kugombana ulizeni kasamehewa nini.

Na tusijifanye haya ni ya Marekani tu. Julai 2015 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona, kwenye ile kesi ya msamaha wa kodi kwa kampuni ya Alex Stewart iliyokuwa inakagua dhahabu, dhahabu ambayo inachimbwa huku huku Kanda ya Ziwa, na hasara iliyotajwa ni zaidi ya shilingi bilioni 11. Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu Hazina, akaachiwa huru. Mwaka 2016 Mramba na Yona wakatolewa gerezani wakamalizie adhabu kwa kufanya usafi hospitali ya Sinza Palestina, na picha za mafagio zikazunguka nchi nzima. Wengi waliona wamependelewa. Lakini Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu hivyo kwa kifungo kisichozidi miaka 3. Hasira yangu iko sehemu nyingine: yule kijana aliyefungwa miezi 6 gereza la Butimba kwa kuiba kuku hiyo sheria inamhusu pia, na mara nyingi hakuna mtu wa kumuombea sababu hana wakili na hajui kama ipo.

Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII, simu yoyote yenye bando inafungua, na tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 Kiswahili ndio lugha ya mahakama ingawa bado utakuta nyingi kwa Kiingereza. Ikitoka kesi kubwa nyingine, anzia pale mashtaka yanapotajwa, huwa ni kurasa za mwanzo mwanzo tu, soma shtaka moja moja na neno lililoandikwa mbele yake. Kama kuna usichoelewa niandikie hapo chini, nitajibu.