Madaktari wa Akili za Watoto Wakiunda Chama, Mzazi wa Kondele Anapata Nini?

Neno chama lina mambo hapa Kisumu. Mwambie mama anayeuza omena sokoni Kibuye kwamba madaktari wameunda chama, atakuuliza wanachanga ngapi kwa wiki na nani anapokea kwanza. Mwambie kijana wa boda, atauliza mgomo unaanza lini. Siwalaumu, ndivyo vyama wanavyovijua. Lakini chama cha kitaaluma, kama hiki cha madaktari wa akili za watoto, ni kitu kingine, na wazazi wengi kliniki huniuliza kina faida gani kwao.

Tutenganishe kwanza. Leseni ya daktari wa Kenya hutolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo ni chombo cha kisheria na ndilo linaloweza kumwadhibu. Mishahara na mazingira ya kazi ni vita vya muungano wa wafanyakazi. Chama cha kitaaluma hushughulikia ujuzi: anayejiita bingwa wa fani hii awe amejifunza nini, kwa muda gani na mikononi mwa nani. Ukiuliza mtoto wa miaka 7 aanzishiwe dawa gani, au asianzishiwe kabisa, jibu hupatikana pale wenye fani wamekaa pamoja wakabishana hadi wakakubaliana.

Na fani ya akili za watoto inataka wataalamu wake yenyewe. Mtu mzima akilemewa na huzuni atakwambia hana usingizi, hana hamu ya kula. Mtoto hana maneno hayo. Atakuwa mkali kwa wadogo zake, tumbo litamuuma kila Jumatatu asubuhi, alama zitashuka. Mwalimu huona utundu, nyanya huona chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na daktari wa kawaida asiyefundishwa kuangalia huandika dawa ya minyoo. Shirika la Afya Duniani husema takribani nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya Wakenya hawajafikisha 15. Weka hayo mawili pamoja uone foleni ilivyo.

Hata kwa matajiri jambo hili lilichelewa. Marekani, wakuu 13 wa hospitali za wagonjwa wa akili walikutana Philadelphia mwaka 1844 wakaanzisha chama chao. Mahakama ya watoto ilifunguliwa Chicago mwaka 1899, na miaka 10 baadaye ikaanza huko kliniki ya kuwachunguza watoto waliofikishwa mbele ya hakimu. Ajabu ni kwamba fani hii ilisukumwa na korti kabla ya hospitali. Chama cha kitaifa cha madaktari wa akili za watoto kikaja 1953, miaka 109 baada ya kile cha Philadelphia. Mitihani rasmi ya ubingwa ilifuata 1959, na jarida lao likaanza kuchapishwa 1962. Tazama mfuatano huo: chama kilitangulia mitihani na jarida.

Kusajili chama hapa kwetu si kazi ngumu. Sheria ya Vyama inahesabu watu 10 au zaidi, wanaandika katiba, wanachagua viongozi, wanapeleka maombi kwa Msajili. Ugumu ni wenyewe kuwa na nia moja. Katika fani changa ningependa mlango usifungiwe manesi, maafisa wa kliniki na wanasaikolojia, maana huku Nyanza na Magharibi mtoto hukutana nao muda mrefu kabla hajamwona bingwa. Chama cha kimataifa cha fani hii, kilichoanzia Paris mwaka 1937, kimezitaja taaluma jirani katika jina lake lenyewe. Wenzangu wengine huhofia hadhi itapungua. Sikubaliani nao.

Chama kikiwa hai, kina sauti ambayo daktari mmoja hana. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Familia zilificha, na kijana aliyeokolewa aliogopa polisi kuliko sumu aliyokunywa. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Kenya kilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu, na Januari 2025 kifungu hicho kikatangazwa kuwa kinyume cha Katiba.

Wasiwasi wangu ni mmoja. Chama kinachokutana hotelini Nairobi kila mwaka, kikapiga picha na kurudi nyumbani, hakitamfikia mzazi wa Kondele. Mikutano ije Kisumu, ije Kakamega na Nakuru, na mafunzo yafike zahanati ambako hata chumba cha faragha ni cha kuazima.

Mzazi asikae akingoja hayo. Anza na kituo kilicho karibu, uombe barua ya rufaa. Hapa mjini ukisema unaenda Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, kila makanga atakushusha. Ukifika kwa mtaalamu, usione haya kumuuliza, “Daktari, umesomea watoto?” Na ubebe daftari za shule za muhula huu na uliopita. Mwandiko uliobadilika ghafla, na alama nyekundu za mwalimu pembeni, vinaweza kunionyesha tatizo lilianza mwezi gani.