Kupunguza matiti kwa upasuaji ukiwa bado binti: maswali na majibu

Nina miaka 16. Matiti yangu yamekuwa makubwa sana na mgongo unaniuma kila siku. Kwa umri huu naweza kufanyiwa upasuaji?

Inawezekana, ila umri peke yake hauamui. Kitu cha kwanza daktari atakachotaka kujua ni kama matiti yameacha kukua. Kwa wasichana wengi hutulia miaka michache baada ya kuvunja ungo, lakini wapo ambao huendelea kuongezeka hadi wanaingia miaka ya 20. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hutaka kuona ukubwa haujabadilika kwa miezi 6 hadi 12 kabla ya kupanga tarehe, na baadhi husubiri hadi mgonjwa atimize miaka 18. Ukipasuliwa yangali yanakua, yanaweza kujaa tena, na ukalazimika kurudi chumba cha upasuaji mara ya pili ukiwa tayari na makovu.

Sidiria ni shahidi mzuri hapa. Andika saizi unayovaa, uzito wako wa mwili, na tarehe ulipolazimika kununua kubwa zaidi. Sidiria ya mwaka jana ikiwa bado inakutosha vilevile, daktari atalichukulia hilo kwa uzito kuliko kumwambia tu "naona yametulia".

Ipo hali moja isiyofuata utaratibu huu: matiti kufumuka ghafla ndani ya miezi michache wakati wa balehe, ngozi ikavutika hadi ikang'aa, mishipa ikajitokeza, pengine hata vidonda vikatokea. Ni hali ya nadra, lakini kusubiri kunaweza kuharibu ngozi na titi lenyewe. Msichana wa namna hii aonwe na daktari mapema hata kama ana miaka 12, na familia ielezwe waziwazi kwamba matiti yanaweza kukua tena baada ya kupunguzwa.

Mama anasema mgongo unauma kwa sababu sikai wima. Nitajuaje kama ni matiti?

Mama ameona kitu cha kweli, ila huenda amekishika kwa nyuma. Mara nyingi binti hujikunja kwa sababu ya uzito ulio mbele, au kwa sababu anaficha kifua. Tazama mabega yako usiku ukishavua sidiria: je, mikanda imeacha mifereji ambayo hata asubuhi bado ipo? Inua titi uangalie ngozi ya chini. Ikiwa imelowa jasho, inawasha, imechubuka au ina harufu, na hali hiyo inarudi kila unapotibiwa, mwambie daktari. Maumivu ya shingo na mgongo wa juu, kichwa kuuma, vidole kufa ganzi na kushindwa kukimbia navyo vinahesabika.

Vinahesabika pia vile visivyopimwa kwa mashine: kuacha michezo, kuvaa nguo nzito wakati wa joto, kukwepa darasa kwa sababu ya maneno ya watu. Binafsi naona tunakosea tunapoyaita hayo mambo ya urembo.

Kabla ya kufikiria kisu, tafuta sidiria ya saizi sahihi, maana wengi wanavaa isiyowatosha. Mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kukufundisha kuimarisha misuli ya mgongo. Ukipata nafuu ya kutosha, umeokoka kisu. Usipopata, tunza kumbukumbu za matibabu hayo, kwa kuwa baadhi ya bima huziomba kabla ya kukubali kulipia.

Si nipunguze uzito tu? Au hakuna krimu?

Titi ni mchanganyiko wa mafuta na tezi za maziwa. Mwenye mafuta mengi anaweza kupungua kifua akipungua mwili. Mwenye tezi nyingi atapungua kiuno na kifua kikabaki vilevile. Hata hivyo uzito uliotulia husaidia, kwani unene mkubwa huongeza hatari ya kidonda kuchelewa kupona. Krimu za kupunguza matiti hazifanyi kazi. Kufunga kifua kwa kitambaa kwa nguvu hubana pumzi na kuumiza ngozi, na kukanda matiti kwa vitu vya moto ni kumuunguza mtoto tu.

Kwenye upasuaji wanafanya nini hasa?

Unalazwa usingizi kwa dawa ya nusu kaputi. Kazi huchukua takribani saa 2 hadi 4. Daktari huondoa sehemu ya tezi, mafuta na ngozi, kisha huinua chuchu na kuiweka mahali panapolingana na titi jipya. Mkato wa kawaida huzunguka duara jeusi la chuchu, ukashuka wima hadi chini ya titi, na kwa matiti makubwa zaidi hupita pia kwenye mkunjo wa chini, ukawa na umbo la nanga. Nyama iliyotolewa kwa kawaida hupimwa maabara.

Nitaweza kunyonyesha nikizaa?

Swali hili ndilo ningependa kila binti aliulize, hata yule anayesema sasa hivi kwamba hataki mtoto.

Wengi huweza kunyonyesha, lakini hakuna daktari mwaminifu atakayekuhakikishia. Baadhi hupata maziwa ya kutosha, baadhi hupata kidogo na kulazimika kuongeza maziwa mengine, na baadhi hawapati kabisa. Tofauti kubwa inatokana na namna chuchu inavyohamishwa. Katika njia zinazotumika zaidi, chuchu haikatwi ikatengana na mwili; inabaki imeshikana na kipande cha nyama chenye mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na baadhi ya mirija ya maziwa, na kipande hicho chote ndicho kinachosogezwa juu. Nyama iliyo moja kwa moja nyuma ya chuchu ikiachwa, nafasi ya kunyonyesha ni nzuri zaidi.

Njia nyingine ni kuitoa chuchu kabisa na kuipandikiza upya kama ngozi. Hutumika kwa matiti makubwa kupita kiasi, pale daktari anapoogopa damu haitaifikia chuchu. Hapo mirija hukatwa: kunyonyesha kwa titi hilo hakutarajiwi tena, na hisia za chuchu hupotea kwa kiasi kikubwa. Hata katika njia ya kwanza, hisia zinaweza kupungua kwa muda au moja kwa moja. Kwa hiyo usiishie kuuliza "nitanyonyesha?" Uliza: "Kwangu utatumia njia gani, na ni nini kitakachokufanya ubadilishe ukiwa katikati ya kazi?"

Ujue pia kwamba ujauzito unaweza kubadilisha ukubwa na umbo la matiti yaliyopunguzwa.

Makovu yatafutika?

Hapana. Huwa mekundu au meusi na magumu miezi ya mwanzo, halafu hufifia kwa mwaka mmoja au zaidi, lakini hubaki. Kama wewe au ndugu zako mna makovu yanayovimba na kuzidi jeraha lenyewe, kwa mfano baada ya kutoboa masikio, mwambie daktari mapema. Makovu hayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi.

Kupona huchukua muda gani?

Panga kukosa shule au kazi wiki 1 hadi 2, na usibebe vitu vizito wiki 4 hadi 6. Utavaa sidiria maalumu ya kushikilia, mara nyingi usiku na mchana, kwa wiki kadhaa. Umbo la mwisho huonekana baada ya miezi 6 hadi 12. Hatari zipo: kuvuja damu, maambukizi, matiti kutolingana, kidonda kufumuka pale mikato inapokutana, na mara chache sehemu ya chuchu kufa kwa kukosa damu. Uvutaji wa sigara, shisha au sigara ya kielektroniki huongeza hatari hiyo. Acha angalau wiki 4 kabla na 4 baada. Homa, titi moja kuvimba ghafla, usaha, au chuchu kugeuka rangi ni mambo ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Binti yangu anataka, mimi nasita. Nani anaamua?

Kwa aliye chini ya umri wa utu uzima, kwa kawaida mzazi husaini. Lakini saini ya mzazi bila utashi wa binti haitoshi, na daktari mzuri ataomba kuzungumza naye peke yake kidogo. Msikilize anataka nini. Anayesema "nataka kukimbia bila maumivu" ameelewa upasuaji unaweza kumpa nini. Anayetarajia kwamba wataacha kumcheka, au aliyesukumwa na mpenzi, anahitaji muda na mshauri kwanza. Wasichana wengi waliopasuliwa kwa sababu ya maumivu huridhika na matokeo; kusita kwako mama kuna kazi pia, kwa sababu ndiko kutakakomfanya daktari aeleze taratibu yale ambayo binti ana haraka ya kuyaruka.